Sadaka au Deni?

Msomaji, yako maneno mawili katika lugha yetu ambayo hukaa jirani, lakini hayakuzaliwa nyumba moja. La kwanza ni sadaka. La pili ni deni. Mkono utoao sadaka na mkono ulipao deni, ukitazamwa kwa macho tu, hufanya kazi moja: huingia mfukoni, hunyoshwa mbele, hufunguliwa, kisha hurudi mtupu. Walakini tofauti ya vitendo hivi viwili ni kubwa. Atoaye sadaka aweza kuuzuia mkono wake asishtakiwe na mtu. Alipaye deni akiuzuia wake huwa dhalimu. Apokeaye sadaka hudaiwa shukrani. Apokeaye deni lake hadaiwi kitu, kwa kuwa amepewa kilicho chake. Kwa hiyo sadaka humwinua mtoaji kidogo juu ya mpokeaji, na deni huwaweka wote wawili mbele ya mizani moja.

Katika insha hii nataka tutafakari pamoja swali moja: fedha tuzitoazo kwa ajili ya wajane na yatima wa askari ni sadaka au ni deni? Pengine utasema kuwa jina la fedha halina maana, maadamu mtoto amekula na karo yake imelipwa. Nami nilipata kufikiri hivyo. Lakini siku moja, katika ukumbi wa shule nisomeshayo, nilijifunza kwa aibu yangu mwenyewe kuwa jina lina maana, na kwamba kosa la jina laweza kumchoma mtu moyo kuliko njaa.

Ulikuwa mwezi wa Novemba, mwezi ambao nchi nyingi huwakumbuka watu wao waliokufa vitani, kwa sababu Vita Kuu vya Kwanza vilikoma Ulaya tarehe 11 Novemba 1918. Askari mmoja mstaafu aliomba nafasi ya kusema na wanafunzi wetu. Alikuwa mtu wa makamo, mrefu, mwenye sauti ya chini. Alikuwa mmoja wa wale waliopelekwa Somalia katika vita ambavyo majeshi ya Kenya yaliviingia mwezi wa Oktoba 2011, na mguu wake mmoja ulibaki huko. Alitembea kwa mguu wa bandia na bakora, na kwapani alichukua kopo la bati lenye tundu juu yake. Alikuwa akichangisha fedha za kuwasaidia jamaa za wenzake waliokufa.

Wavulana wa safu za nyuma walisogea mbele, kwa kuwa walitumaini kusikia habari za bunduki. Hawakuzipata. Yule mzee hakutaja pigano hata moja, wala hakuuonyesha mguu wake. Alitueleza habari za mama mmoja ambaye kila usiku aliiweka simu kando ya mto, akalala usingizi wa kuku, na simu ilipolia akaogopa kuipokea. Alitueleza habari za mtoto aliyejifunza kutembea baba yake akiwa mbali, na baba aliporudi mtoto akamkimbia kama mgeni. Tena alitueleza kuwa nyumba ya kambini ni ya kazi, si ya mtu. Basi askari akifa, siku hufika ambayo mjane wake lazima afungashe vyombo awapishe wengine, na mara nyingi hana pa kuvipeleka. Kisha akanyamaza kidogo, akasema, “Wanangu, sikuja kuwaomba machozi. Machozi hayanunui unga. Nimekuja kuwaambia kuwa watu hawa wapo.”

Alipokaa, ikawa zamu yangu kumshukuru. Nilisimama nikiwa nimejawa na huruma, na huruma isiyofikiri ni mzungumzaji mbaya. Nilisema kuwa tuwaonee imani maskini hawa, kuwa sisi tuliojaliwa tuwakumbuke wasiojaliwa, kisha nikaongeza kuwa hata hapa kati yetu yumo aliyefiwa na baba kwa namna hiyo. Sikutaja jina, lakini macho yangu yalikwenda mahali, na macho ya wanafunzi wote yakayafuata. Msichana mmoja wa kidato cha pili aliinamisha kichwa. Baba yake alikuwa amekufa huko Somalia yeye angali katika shule ya msingi.

Wanafunzi walipanga mstari wapite mbele ya kopo. Yule msichana naye alisimama mstarini. Alipofika nilimwinamia nikamnong’oneza, “Wewe si lazima utoe, binti. Fedha hizi ni za watu kama ninyi.” Alinitazama bila ya hasira, akatia shilingi yake katika tundu, akasema polepole, “Mwalimu, mimi pia ni mwanafunzi wa shule hii.” Akapita.

Nilibaki nimesimama pale kama mti. Katika maneno yangu ya kushukuru nilikuwa nimeigawa shule mafungu mawili, watoaji na wapewaji, na nimemtoa yeye katika fungu la wenzake nikamweka peke yake katika fungu la pili. Yeye, kwa shilingi moja, alilirudisha fungu mahali pake. Tangu siku hiyo nimejiuliza: kama fedha zile zilikuwa sadaka, mbona nilimkosea niliposema jambo ambalo kila mchangishaji wa sadaka husema? Na kama zilikuwa deni, deni lile ni la nani, na lilianza lini?

Na tuanze na wale wasemao kuwa hakuna deni lolote. Hoja yao ni nyepesi kueleweka. Askari, wasema, ni mtumishi kama watumishi wengine. Aliomba kazi kwa hiari, akapewa mshahara, akijua hatari zake. Seremala akijikata kidole hatuchangishi shule nzima. Kwa nini basi tumdaiwe askari zaidi ya mshahara wake?

Hoja hii ina kweli ndani yake, nasi hatupaswi kuikimbia. Mshahara ni malipo halali, na askari aliyelipwa hawezi kusema kuwa alifanya kazi bure. Lakini tazama kilichonunuliwa kwa mshahara ule. Mshahara hununua siku za mtu: kuamka kwake, kulinda kwake, kutembea kwake juani. Uhai wa mtu haununuliwi, kwa kuwa hakuna bei ambayo mtu mwenye akili angeikubali ili afe mwishoni mwa mwezi. Askari akifa, ametoa kitu ambacho hakikuwamo katika hesabu ya mshahara. Tena liko jambo la pili, nalo ni kubwa zaidi. Askari alitia sahihi. Mkewe hakutia sahihi, wala mtoto aliye tumboni hakuulizwa. Hao ndio watakaoishi na upungufu miaka arobaini au hamsini. Usalama walioupata wote ulilipwa na wachache, na wachache hao hawakuwamo katika mapatano. Mtu akichomewa nyumba ili moto usifike kijijini, kijiji kizima hudaiwa nyumba ile, hata kama mwenyewe hakulalamika.

Nadhani hiyo yatosha kuonyesha kuwa deni lipo. Sasa hutokea mtu wa pili, naye ni mwerevu kuliko wa kwanza. Asema: “Nakubali kuwa ni deni, lakini ni deni la serikali. Serikali ndiyo iliyompeleka askari vitani, serikali ndiyo ikusanyayo kodi, basi serikali na ilipe. Kila shilingi itiwayo katika kopo humfundisha mdaiwa wa kweli kukwepa.” Mwanafunzi mmoja wa kidato cha nne alimwuliza yule mzee swali hilo waziwazi, nami nilifurahi kulisikia, maana ni swali la mtu mzima.

Ili tulijibu, turudi nyuma miaka mingi. Mwaka 1885 jeshi la Uingereza lilipakiwa merikebuni kwenda Misri. Katika jeshi la siku hizo, askari aliyeoa kwa ruhusa ya wakubwa wake alipata msaada kidogo kwa ajili ya mkewe. Lakini aliyeoa bila ya ruhusa, mkewe alihesabiwa kuwa si mtu mbele ya jeshi. Merikebu ilipong’oa nanga, wanawake wengi walibaki bila ya chochote. Afisa mmoja, James Gildea, aliandika barua katika gazeti la The Times la London, akaomba fedha na watu wa kujitolea kuwaangalia wake na watoto hao. Kutokana na barua ile kilizaliwa chama cha kusaidia jamaa za askari ambacho kingali hai hata leo. Miaka 14 baadaye, vita vya Makaburu vilipoanza mwaka 1899, mshairi Rudyard Kipling alitunga shairi la kuchangisha fedha kwa ajili ya askari na jamaa zao. Lilichapishwa katika gazeti la Daily Mail, likatiwa muziki, likaimbwa majumbani na katika kumbi za michezo, na mwisho likaleta zaidi ya pauni 250,000.

Je, michango hiyo iliifundisha serikali ya Uingereza kukwepa? Kwa muda, pengine ndiyo. Lakini ilifanya na jambo jingine: iliwaonyesha watu wote kuwa wake wale walikuwapo. Vita Kuu vya Kwanza vilipozuka mwaka 1914, serikali ile ilikubali kumpa posho kila mke wa askari, aliyeolewa kwa ruhusa na aliyeolewa bila ya ruhusa. Kilichokuwa sadaka mwaka 1885 kilikuwa haki mwaka 1914. Hapo twapata fundisho la kwanza. Mchango mwema ni taa ya kumwonyesha mdaiwa deni lake. Mchango mbaya ni pazia la kumfichia. Ukitoa ukanyamaza milele, umeshona pazia, ukitoa ukauliza, “Na yule mwenye wajibu amefanya nini?” umewasha taa.

Lakini usidhani kuwa taa hiyo iliwaangaza watu wote kwa wakati mmoja. Nakuomba, msomaji, ukipata nafasi ya kwenda Nairobi, usimame kidogo katika barabara ya Kenyatta, mbele ya sanamu tatu za shaba zilizowekwa mwaka 1928. Mmoja wa watu wale watatu ni mpagazi. Katika vita vya mwaka 1914 hadi 1918 majeshi ya Waingereza yaliwafuata Wajerumani katika nchi isiyo na barabara, na mbung’o waliwaua wanyama wa mizigo. Kwa hiyo chakula na risasi vilikwenda juu ya vichwa vya watu. Sheria ilitolewa mwaka 1915 ya kuwaandikisha watu kwa nguvu, na mwaka 1917 vijiji vilikombwa vijana. Mamia ya maelfu walichukuliwa katika nchi za Afrika ya Mashariki. Hesabu ya serikali ya wapagazi waliokufa ilizidi 40,000, na wanahistoria wengi huamini kuwa idadi ya kweli ilikuwa kubwa mno kuliko hiyo. Wengi hawakuuawa kwa risasi bali kwa kuhara damu, homa na njaa. Jina la kikosi chao limebaki midomoni mwetu hata leo: ndilo Kariokor ya Nairobi, ndilo Kariakoo ya Dar es Salaam.

Chini ya sanamu zile yamechongwa maneno ya kuwaambia marehemu kuwa, hata kama wamekufa, wana wao watayakumbuka majina yao. Maneno ya Kiingereza yalitungwa na Kipling yuleyule, ambaye wakati huo naye alikuwa baba aliyefiwa, kwa kuwa mwanawe wa pekee alikufa vitani Ufaransa mwaka 1915. Sina shaka kuwa aliandika kwa moyo safi. Lakini tazama juu na chini, mbele na nyuma: hakuna jina hata moja la mpagazi lililochongwa pale. Majina yaliandikwa ovyo au hayakuandikwa, na kwa sababu hiyo mishahara ya wengi waliokufa haikuwafikia jamaa zao kamwe. Mjane wa Uingereza alipata posho. Mjane wa mpagazi alipata shaba iliyosimama mbali na kijiji chake, yenye ahadi ya jina lisilokuwapo. Mwaka 2021 ile tume ya makaburi ya vita ya nchi za Jumuiya ya Madola ilitoa taarifa ikikiri kuwa watu wasiopungua 116,000, wengi wao wa Afrika, Asia na Misri, hawakukumbukwa kwa majina yao au hawakukumbukwa kabisa, na kwamba huenda idadi yao ilifika 350,000. Tume iliomba radhi. Miaka zaidi ya mia ilikuwa imekwisha pita.

Mfano mwingine uko karibu zaidi. Mwanzoni mwa karne ya 20 askari Wanubi, ambao asili yao ilikuwa Sudani na ambao walitumikia katika jeshi la King’s African Rifles, walipewa nafasi ya kukaa na jamaa zao katika msitu ulio kando ya Nairobi. Wao waliuita mahali hapo Kibra, yaani msitu. Leo twapaita Kibera. Walipewa nafasi, lakini hawakupewa hati. Wazee walikufa, wana wakazaa wana, mji ukawazunguka, na watoto wa askari wale wakahesabiwa kuwa wavamizi katika ardhi ambayo babu zao waliipata kwa utumishi wao. Ni mwaka 2017 tu ambapo Wanubi walikabidhiwa hati ya ekari 288. Deni la babu lilipokewa na vitukuu.

Na kama ungali unataka mfano wa tatu, wafikirie wale wa vita vya mwaka 1939 hadi 1945. Karibu Wakenya 98,000 waliingia jeshini, wengine wakafika hata Burma. Vita vilipokwisha, malipo ya kuagana na jeshi yalipimwa kwa rangi ya mtu, si kwa hatari aliyoiona. Mwaka 2018, miaka 73 baada ya vita kwisha, serikali ya Uingereza ilitenga karibu pauni milioni 12 kwa wazee wa vita na wajane walio maskini katika nchi za Jumuiya ya Madola, ili waweze kupata angalau milo miwili kwa siku. Twashukuru. Lakini wangapi walikuwa bado hai kuila milo ile? Wahenga wetu husema dawa ya deni ni kulipa. Wangeweza kuongeza kuwa dawa ikichelewa humkuta mgonjwa kaburini.

Sasa nakisikia kinywa cha tatu kikifunguka, na huyu ndiye mgumu kuliko wote. Asema: “Watu hao walipigana vita vya wengine. Baadhi ya askari waliotumwa na serikali ya kikoloni waliwapiga hata ndugu zao. Je, nimchangie mjane wa aliyemtesa babu yangu? Vita visipokuwa vya haki, deni hutoka wapi?”

Katika nchi yetu swali hili si la vitabuni. Waruhiu Itote alipigana Burma katika sare ya mfalme, kisha akaingia msituni akawa Jenerali China wa Mau Mau. Wakati huohuo Waafrika wengine waliendelea kuvaa sare ileile na kumwinda. Yumkini katika darasa moja leo amekaa kitukuu cha mmoja pamoja na kitukuu cha wa pili, nao huazimana kalamu. Wale waliopigana msituni walikaa miaka mingi bila ya kutambuliwa. Ilikuwa mwezi wa Juni 2013 ndipo serikali ya Uingereza, baada ya kushtakiwa mahakamani, ilipokubali kulipa pauni milioni 19.9 kwa watu 5,228 walioteswa katika miaka ile ya hatari.

Jibu langu ni hili. Twapaswa kutenganisha mambo mawili: hukumu ya vita na haki ya mtoto. Vita vyaweza kuwa vya dhuluma, na aliyevianzisha atajibu. Askari naye, kama alifanya ukatili, atajibu kwa mkono wake. Lakini yatima hakuwa na mkono katika jambo lile. Vita havina macho, wasema watu. Basi sisi tulio na macho tusiige upofu wake kwa kumwadhibu mtoto kwa kosa la vita. Kumlisha yatima si kuvibariki vita vilivyomfanya yatima. Kinyume chake, huenda ndiyo njia ya kuvihesabu vita kwa bei yake ya kweli. Taifa lililozoea kulipa gharama zote, pamoja na za mjane na za yatima, litafikiri mara mbili kabla ya kupiga tarumbeta. Taifa lisiloziona gharama hizo huvipata vita kwa bei ndogo, na kitu cha bei ndogo hununuliwa mara nyingi.

Tukifika hapa, naona kuwa swali letu limeanza kujibika, ingawa si kwa neno moja. Deni hili lina sehemu mbili. Sehemu ya kwanza yaweza kuhesabiwa: malipo ya uzeeni, fidia, karo, nyumba, matibabu. Sehemu hiyo ni ya serikali, nayo yapaswa kulipwa kwa sheria, kwa wakati, bila ya mjane kusukumwa kutoka dirisha moja hadi dirisha jingine. Si haki kuiacha juu ya kopo la bati, maana kopo hujaa pale msemaji apendezapo na hukauka pale asipopendeza, na haki ya mtu haipaswi kutegemea ufasaha wa mtu mwingine. Kopo laweza kuziba pengo la mwezi. Haliwezi kuwa ukuta wa nyumba.

Sehemu ya pili haiwezi kuhesabiwa, wala hakuna afisi iwezayo kuilipa. Ni kujua kuwa watu hawa wapo, kuyajua majina, kumtembelea jirani aliyefiwa hata baada ya matanga kwisha, wakati ambapo wageni wameacha kuja, kumwacha mtoto wake awe mtoto kama wengine. Sehemu hiyo ni yetu sisi, mmoja mmoja. Nami niliyesimama ukumbini kuomba kwa ajili ya sehemu ya kwanza, niliivunja ya pili kwa ulimi wangu mwenyewe.

Je, hakuna nafasi ya sadaka? Ipo, nayo ni nafasi ya heshima. Kutoa ni moyo, wala si utajiri. Lakini sadaka hukaa juu ya deni kama paa likaavyo juu ya ukuta. Mtu hawezi kuezeka pasipo na ukuta, na mtu atoaye sadaka kabla ya kulipa deni hutoa mali ya mwenzake, kisha hungoja ashukuriwe. Kwanza tulipe, kisha, kikizidi, tutoe. Na tukitoa, tutoe kwa namna ambayo mpokeaji hatalazimika kuinamisha kichwa.

Basi, ewe mwanafunzi, siku moja kopo kama lile litapita mbele yako. Usiliogope, wala usilitupie sarafu ili lipite upesi. Uliza fedha zinakwenda wapi na nani huziandika. Mchangishaji mwaminifu hakasirishwi na swali hilo, na asiye mwaminifu atajulikana kwa hasira yake. Uliza kilichofanywa na wenye wajibu. Utakapokuwa na kura, uliza tena kwa kura yako. Kisha utie ulicho nacho, kingi au kidogo, kwa uso wa mtu alipaye sehemu yake katika deni la wengi. Wala usigeuze shingo kumtafuta katika umati yule unayedhani kuwa anasaidiwa.

Labda wataka kujua nilifanya nini na kosa langu. Nilifikiri kuomba radhi mbele ya shule nzima, kwa kuwa kosa lilifanywa mbele ya shule nzima. Lakini niliona kuwa kwa kufanya hivyo ningemwelekezea macho yaleyale mara ya pili. Nilimwita nje ya darasa, mbele ya mwalimu wa kike aliyekuwa mlezi wa bweni lao, nikamwambia kuwa nilimkosea na kwa nini nilimkosea. Alinisikiliza, akasema, “Yamekwisha, mwalimu.” Sijui kama yalikuwa yamekwisha. Kusamehe kulikuwa haki yake, wala si deni lake kwangu.

Mwaka uliofuata yule mzee alirudi na kopo lake, akasema habari zilezile kwa sauti ileile ya chini. Iliponijia zamu ya kumshukuru sikusema habari za maskini wala za waliojaliwa. Nilisema tu kuwa shule yetu, kama kila shule ya nchi hii, ina sehemu yake ya kulipa, na kwamba tumeikumbuka. Kisha nikashuka jukwaani, nikaingia mstarini nyuma ya wanafunzi, kila mmoja na shilingi yake mkononi, na kutoka pale nyuma sikuweza kutambua ni yupi mwana wa askari na ni yupi asiye.